Kilo Tatu za Simenti

Kwenye sale yetu hakuna chuma kilichonunuliwa dukani. Sale ndivyo tunavyoita hapa Goma mahali pa kufanyia spoti, hata pakiwa ni uwanja wa nyuma ya nyumba uliofunikwa mabati upande mmoja, kama huu wetu wa Birere. Chini ni mawe ya volkano ya Januari 2002, yale yaliyomiminika katikati ya mji. Wenye uwanja waliyavunja kwa nyundo, wakayasawazisha, wakamwaga mchanga juu. Chuma cha kunyanyulia ni bomba la maji. Uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa simenti, na ya kuongezea ni makopo madogo ya maziwa ya unga.

Kopo la lita tano likijazwa zege ya kawaida linakaribia kilo 12. Lakini kokoto yetu inatoka kwenye mawe ya Nyiragongo, volkano yetu, na kila aliyejenga nyumba Goma anajua kuwa mawe hayo hayafanani. Mengine yameshikana, ukiyabeba unahema. Mengine yana matundu kama mkate, mtoto anayachezea. Makopo mawili ya sura moja, yaliyojazwa siku moja na mtu mmoja, yanaweza kupishana kilo kadhaa na jicho lisione kitu. Ya kwetu niliyapima kwenye mizani ya mama mmoja anayeuza maharagwe soko la Virunga. Moja lilikuwa kilo 9, la pili 12. Siku hiyo ilikuwa imetimia miezi mitano siwezi kufunga kamba za viatu bila kukaa kitandani.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia sale siku hizi, wavulana kwa wasichana. Ninafurahi kuwaona, na sitaki hata mmoja apite nilipopita mimi.

Nilikuwa na miaka 27. Kazi yangu ilikuwa ya kukaa: kuandika hesabu za depo kutoka asubuhi hadi jioni, mgongo umepinda juu ya meza. Jioni nilitoka pale moja kwa moja hadi sale. Wiki ya kwanza nilinyanyua kilo 30 kutoka chini. Wiki ya saba nilikuwa kwenye 70. Kila Ijumaa niliongeza, na kila nilipoongeza wenzangu walipiga makofi. Mikono ilijaa kwenye shati, nikawa natembea vingine.

Na kweli nguvu zilikuwa zimeongezeka. Hapo ndipo kwenye mtego. Nguvu za wiki za kwanza zinatoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu: ubongo unajifunza kuiita misuli yote ifanye kazi pamoja. Kisha misuli yenyewe inanenepa, na inanenepa upesi kwa sababu inapata damu nyingi. Lakini kano, zile kamba nyeupe zinazoufunga msuli kwenye mfupa, damu yake ni kidogo. Zinajijenga polepole, kwa miezi. Kwa hiyo katika mwezi wa pili mtu anakuwa na nguvu ya kunyanyua mzigo ambao kamba zake hazijawa tayari kuushika. Hasikii dalili yoyote. Anajisikia vizuri kuliko siku zote za maisha yake.

Ijumaa ile ilinyesha. Nilichelewa kutoka kazini, giza lilikuwa karibu, na sale yetu wakati ule haikuwa na taa. Nikaona nisipoteze dakika kumi za kupasha mwili moto. Nikanyanyua kilo 70 mara sita bila shida. Nikamaliza. Nikasimama nikipangusa jasho.

Mdogo wangu mmoja wa pale akaniambia, "Yaya, sogeza hilo bomba, maji yanalifikia." Yaya hapa kwetu ni ndugu mkubwa. Mabati yalikuwa yanavuja juu yake. Nikainama na miguu imenyooka, nikalishika, nikageuza kiuno kulielekeza ukutani. Kopo la mwisho upande wa kulia lilikuwa lile la kilo 12, na la mwisho upande wa kushoto lile la 9. Bomba likaenda upande wa kulia, na mimi nikaenda nalo.

Sikusikia mlio wowote. Nilisikia joto, kana kwamba mtu amenimwagia chai kiunoni, ila ndani ya ngozi. Kisha miguu ikaniacha nikapiga magoti kwenye mchanga, na nakumbuka nilikuwa naangalia tone la mvua likitoboa mchanga mbele ya pua yangu, najaribu kuvuta pumzi.

Nililala siku tano. Nikatuma mtu farmasi, akaleta diclofenac, nikaimeza asubuhi na jioni bila kumuuliza yeyote. Siku ya sita maumivu yalikuwa yamenyamaza, nikarudi sale. Nikaweka kilo 50 tu, nikidhani 50 ni kidogo. Safari hii maumivu yalishuka kutoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja, yakafika hadi kidole kidogo cha mguu.

Niseme kitu kuhusu vile vidonge, maana kwenye sale nyingi vinapita mkono kwa mkono kama pipi. Kidonge kinatuliza maumivu. Kiungo kinabaki jinsi kilivyo. Ukikimeza ili upate kunyanyua, umemfunga mdomo mlinzi halafu ukaacha mlango wazi. Na dawa za jamii hiyo zinaweza kutoboa tumbo, na zinaweza kuumiza figo, hasa mtu akiwa ametoka jasho na hajanywa maji. Hiyo ndiyo hali ya mtu wa sale kila jioni.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kine, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi. Kabla ya kunigusa aliniuliza maswali yaliyonishangaza. Unakojoa kawaida? Choo unakizuia? Ukijipangusa unasikia mkono, au kati ya mapaja pamekufa ganzi? Mguu unakuangusha? Baadaye akanieleza: mgongo ukiuma na moja ya hayo likatokea, huko si kwa kukandwa wala kusubiri Jumatatu, ni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, kwa sababu neva za chini zimebanwa, na zikikaa hivyo zinaweza zisirudi tena. Kwangu yote yalikuwa salama. Ndipo akachukua karatasi.

"Wiki ya kwanza ulibeba kilo ngapi? Ya pili?"

Nikamtajia. Akaandika namba saba, moja chini ya nyingine. Akanigeuzia karatasi niisome mwenyewe.

"Mwanangu, wewe hukuumia Ijumaa."

Hakuongeza neno kwa muda. Nilitazama ile ngazi ya namba, 30 hadi 70, na kwa mara ya kwanza niliona nilichokuwa nimekifanya. Kilo tatu za simenti zilinikuta nimekwisha kujitayarisha kuumia kwa wiki saba. Zisingekuwa zile tatu, ingekuwa bidoni la maji la lita 20 nyumbani, au mtoto wa jirani anayetaka kubebwa.

Alinikataza pia kulala. Nilitegemea aniambie nipumzike mwezi mzima. Yeye akanituma kutembea, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu mgongo wa kawaida unaouma haupendi kitanda. Kukaa kitandani siku nyingi kunaudhoofisha zaidi. Baada ya wiki chache akanirudisha kwenye uzito, akaanza na fimbo ya ufagio. Nilimuuliza kama si hatari. Akanisimulia habari ambayo baadaye niliitafuta na kuisoma mwenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hospitali ya Gardiner huko Chicago ilijaa askari wenye magoti yaliyopasuliwa. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia, na walikaa wodini miezi. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa amejijenga kwa kunyanyua vyuma ujanani mwake baada ya kuugua. Akawapa wagonjwa wake uzito wa kweli, unaopanda kwa mpango. Waliimarika. Akaandika matokeo mwaka 1945, na mwaka 1948, pamoja na Arthur Watkins, akaeleza utaratibu ambao mpaka leo unaishi kwenye sale bila watu kumjua mwenyewe: tafuta uzito unaoweza kuunyanyua mara 10 na si zaidi. Anza na nusu yake mara 10. Kisha robo tatu yake mara 10. Kisha wote mara 10. Kama uzito wako ni kilo 40, unapita kwanza kwenye 20, halafu 30.

Habari hii naipenda kwa sababu inaonyesha kuwa kupanda kwa ngazi kulizaliwa wodini, kwa watu waliokwisha kuumia. Hatua mbili za kwanza zinatayarisha viungo, na pia ni mtihani. Kama bega linalalamika kwenye 20, huna sababu ya kwenda kuliuliza kwenye 40.

Na hapa nataka niwe wazi, maana kuna mama wengi wanaokataza watoto wao sale kwa kuogopa. Kunyanyua uzito kwa mpango kunakinga mwili. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 25 yenye watu zaidi ya 26,000: mazoezi ya nguvu yaliyapunguza majeraha ya spoti hadi chini ya theluthi. Kunyoosha viungo peke yake hakukuonyesha kinga. Kinachovunja watu ni kupanda ngazi kwa kuruka.

Lakini darasa kubwa la kubeba sikulipata kwenye makaratasi. Nililipata kwa mtu wa chukudu.

Wasomaji wa mbali waniwie radhi, chukudu ni lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, lisilo na injini wala pedali, lenye mnara wake katikati ya mji. Linashuka kutoka Kibumba na vijiji vya kaskazini likiwa na viazi, kabichi, makaa, mbao. Mzigo wake unahesabiwa kwa mamia ya kilo. Mlangoni kwa sale yetu kuna mzee mmoja anayeshusha magunia ya makaa mara mbili kwa wiki, amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Nilipokuwa siruhusiwi kunyanyua, nilikaa kwenye jiwe nikimwangalia, na siku moja nilianza kuona.

Gunia likiwa chini, haendi kulichukua kwa mikono iliyonyooka. Analisogelea mpaka vidole vya miguu vimelipita. Anachuchumaa kidogo, anasukuma makalio nyuma, kifua mbele, mgongo umenyooka kama ubao wa chukudu yenyewe. Analikumbatia. Kabla ya kunyanyuka anavuta pumzi na kulikaza tumbo. Unaona fulana inavyokaza. Kisha anasimama kwa miguu. Gunia haliachani na tumbo lake hata kwa upana wa kiganja. Na akitaka kugeuka hageuzi kiuno: anapiga hatua ndogo tatu, nne, kama mtu anayezunguka mti, mpaka mwili mzima umetazama anapokwenda. Akilitua, anarudi njia ile ile aliyopandia. Hatupi.

Nikamuuliza, "Papa, nani alikufundisha?"

Akanishangaa. "Nani tena? Mwaka wa kwanza nilibeba gunia moja. Watu walinicheka. Wale walionicheka, leo wengine hawawezi kusimama."

Kisha akanionyesha goti analopiga juu ya mbao akiteremka: chini yake ameweka kipande cha mpira wa tairi, na juu ya mpira kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kila asubuhi, kabla ya kupakia chochote, anapitisha mkono kwenye gurudumu na kukanyaga breki, kipande kingine cha tairi, kuona kama inashika. Sidai kwamba kazi ile haiumizi. Inawaumiza wengi. Lakini yule mzee anajua mambo manne ambayo kochi wengi hawayasemi: mzigo ukae karibu na mwili, nyonga ndiyo bawaba, geuka kwa miguu, na kutua ni sehemu ya kazi. Mimi niliumia nikisogeza bomba nililokwisha kulitua. Watu wengi nilioongea nao tangu hapo waliumia baada ya zoezi kwisha, wakirudisha chuma mahali pake, akili imekwisha kwenda nyumbani.

Kupasha mwili moto nitakupitisha haraka, kwa sababu si siri. Alfajiri ya Goma ina baridi ya ziwa, na mwili uliotoka kwenye blanketi haupaswi kukutana na bomba la simenti moja kwa moja. Dakika kumi: tembea upesi, kimbia taratibu, zungusha mabega, chuchumaa bila uzito, halafu fanya zoezi lenyewe kwa uzito mwepesi. Kinachonishangaza ni kuona bado kuna makundi ya futing, mbio za pamoja za barabarani, ya Jumapili yanayosimama dakika nzima yamevuta mguu mmoja nyuma, kisha wanaondoka mbio wakidhani wamejikinga. Waaustralia walilipima jambo hilo jeshini, kwa askari wapya 1,538, matokeo yakatoka mwaka 2000: waliojinyoosha hivyo kabla ya mazoezi waliumia karibu sawa na wasiojinyoosha. Kujinyoosha ni kuzuri, kuweke mwishoni, ukiwa na joto.

Kuhusu usalama wa vifaa vyetu vya mikono, nina machache lakini nayasisitiza. Makopo yafungwe kwa waya ncha zote mbili, yasiteleze. Bomba lenye ufa litupwe. Usilale chali kunyanyua juu ya kifua bila mtu aliyesimama kichwani kwako. Bomba likikukalia shingoni huwezi kuita. Na pima kila kopo sokoni, uandike kilo zake kwa rangi. Kwa kuongeza, acha kopo zima. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijazwa mchanga inapita kilo mbili kidogo. Funga moja kila upande. Nimeona chupa hizo zikifanya kazi kuliko hotuba yoyote, maana kijana anaruhusiwa kuongeza, anaridhika, na kano zake zinapata muda.

Jingine ni mashindano ya kiwendawazimu, na neno hilo nalitumia kwa uzito wake. Kijana anaingia siku ya kwanza, hajafanya spoti mwaka mzima, wenzake wanampa kuchuchumaa mara 300 ili wamwone kama ni mwanaume. Nimemwona mmoja. Kesho yake mapaja yalivimba yakawa magumu kama mbao, na siku ya pili akakojoa mkojo wa rangi ya chai kavu. Kaka yake alidhani ni malaria, akataka kumpa dawa. Tulimkimbiza hospitali. Ilikuwa ni misuli iliyopasuka kwa wingi kiasi kwamba vilivyomo vinamwagika kwenye damu, na vikifika kwenye figo vinaziziba. Alipona kwa sababu aliwahi na akawekewa maji mengi. Kuumwa misuli baada ya mazoezi mapya ni kawaida: kunaanza kesho yake, kunapanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha kunaisha. Mkojo mweusi si kawaida hata siku moja. Maumivu yanayochoma ghafla sehemu moja, au yaliyo ndani ya kiungo, au yanayozidi kila unaporudi, hayo pia si ya kuvumilia.

Nimalizie na mguu, kwa sababu Goma ni mji wa miguu iliyoteguka. Barabara za mitaa yetu ni mawe ya volkano yenye ncha, viwanja vya mpira ni changarawe nyeusi, na viatu vya mtumba tunavyokimbilia mara nyingi soli yake imekwisha kukauka kabla haijatufikia.

Mtoto wa yaya wangu, dada yangu mkubwa, ana miaka 17, anacheza mpira, winga ya kushoto. Alirushwa hewani, akatua na mguu umelala kwa nje. Nilipofika nyumbani kwao kifundo kilikuwa kama embe, na shangazi alikuwa na beseni la maji ya moto na kitambaa, tayari kukanda na kuvuta "ili mfupa urudi". Shangazi anampenda yule mtoto kuliko sisi sote. Nilimwomba kwa heshima asubiri, maana maji ya moto na kukandwa siku za kwanza kunaongeza uvimbe, na kuvuta kiungo ambacho hujui kama kimevunjika ni hatari. Akakubali, kwa shingo upande.

Kulikuwa na swali la picha. Kupiga radio, ile picha ya mifupa, ni pesa, na ilikuwa jioni. Mama wa kine alikuwa amenifundisha kipimo cha madaktari wa Ottawa, huko Kanada, kilichotangazwa mwaka 1992, kinachofanywa kwa kidole. Nikampigia simu anisimamie. Nikaweka kidole nyuma ya ule mfupa uliotokeza nje ya kifundo, nikabonyeza ukingo wake wa nyuma kutoka kwenye ncha kwenda juu, kiasi cha sentimita sita. "Hapa?" Hapana. Nikafanya hivyo upande wa ndani. Hapana. Nikashuka kwenye ukingo wa nje wa wayo, katikati, pale kwenye kinundu cha mfupa unaokwenda kidole kidogo. Hapana. Kisha juu ya wayo kwa ndani, mbele ya kifundo. Hapana. Maumivu yote yalikuwa mbele na chini ya kifundo, kwenye nyama laini. Mwisho: je, baada ya kuanguka aliweza kukanyaga, na sasa anaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Alinishika bega, akauma mdomo, akapiga nne. Mama wa kine akasema hakuna haja ya radio usiku huu. Kama mfupa mmoja ungeuma, au hatua zisingewezekana, tungekwenda. Na kipimo hicho hakimfai aliyelewa, wala mwenye ganzi ya miguu, wala mwenye maumivu makali mahali pengine yanayoficha haya.

Tulimfunga bendeji, tukauinua mguu juu ya mto, tukaomba barafu kwa mama anayeuza samaki, tukaifunga kwenye kitenge, dakika kumi na tano. Barafu ilikuwa ya kutuliza maumivu, basi. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 aliueneza ule ushauri wa kupumzika, barafu, kufunga na kuinua, miaka mingi baadaye aliandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Namheshimu kwa hilo. Siku ya tatu mtoto akaanza kukanyaga.

Lakini kazi yenyewe ilianza pale alipoacha kuumwa, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Kifundo kilichowahi kuteguka kinarudi kuteguka kuliko kile kisichowahi. Kano zilizovutika zimepoteza habari. Haziuambii tena ubongo kwa wakati kwamba mguu unalala. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja. Kila siku. Kwanza sakafuni, kisha juu ya mto, kisha macho yamefumbwa. Timu yake nzima sasa inaanza mazoezi kwa programu iitwayo FIFA 11+, iliyotoka mwaka 2006: mazoezi 15, dakika 20, hayadai kifaa zaidi ya mpira. Kusimama kwa mguu mmoja kumo, kuruka na kutua bila magoti kuangukiana kumo, na lile la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo, ukajishusha mbele polepole mpaka nyuma ya mapaja ikalia. Norway waliijaribu programu hiyo kwa wasichana karibu 1,900 wa umri wake. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha majeraha yakipungua kwa karibu theluthi, na yale makali kwa karibu nusu. Kochi wao alikuwa anasema hana dakika 20. Nilimwomba ahesabu ni wasichana wangapi wamekaa benchi msimu huu kwa sababu ya goti na kifundo. Alihesabu kwa vidole, mkono mmoja haukutosha.

Jumapili jioni nilipita kwao. Ni wiki ya sita. Alikuwa mlangoni, amesimama kwa mguu wa kushoto juu ya jiwe la kizingiti, anamenya viazi, bakuli liko kwenye kiti mbele yake. Shangazi alikuwa anahesabu kwa sauti huku anachochea moto. Akafika thelathini, akaweka kisu chini.

"Mjomba, sasa hesabu wewe. Bila macho."

Akafumba. Kifundo kikaanza kucheza, kushoto, kulia, vidole vikalishika jiwe. Kwenye kumi na tisa akaishika fremu ya mlango.

"Tena," akasema.

Nikaanza moja.